Kibonge Ana Kiti Chake

Msusi alikuwa anamalizia kichwa cha mteja simu yake ilipolia. Aliibana kati ya sikio na bega, vidole vikaendelea kusuka. Saluni yake ilikuwa sebule hiyohiyo ya nyumbani. Mtoto wake wa miezi saba alikaa mkekani akitafuna kona ya taulo. Walimwita Kibonge kwa jinsi mapaja yake yalivyojaa. Dada yake, mwenye miaka mitatu, alikuwa akimhoji mteja.

"Kwa nini unanunua nywele? Kwa nini zako hazitoshi?"

Waliomwita huyo Bi Kwanini hawakukosea.

Aliyepiga simu alikuwa mama mzazi wa Msusi. Aliishi mbali sana, safari ya ndege, kisha ya gari. Kwa miaka kadhaa macho yake yalikuwa na ukungu. Wajukuu wake hao wawili hakuwahi kuwaona, hata kwa picha.

"Mwanangu, mtoto wa jicho wamemtoa," alisema mama. "Leo nimeona sufuria tunayopikia. Kumbe imeungua hivyo, na nyote mmekaa kimya. Sasa niletee watoto wa kweli niwaone."

"Tunakuja, mama," alisema Msusi. Hakufikiri mara mbili.

Jioni mezani, mama mkwe wa Msusi aliposikia, aliweka kijiko chini.

"Unakwenda wapi na mtoto mchanga? Ndege itampasua masikio. Atalia mpaka watu wakulaani. Mwenye mtoto mdogo anatulia kwake."

Mume wa Msusi, fundi umeme, aliangalia sahani yake. "Mimi kazini hawaniruhusu kuwasindikiza," alisema. "Labda mngesubiri mwakani."

"Mama yangu anaona sasa," Msusi alisema. "Sisubiri mwakani."

"Basi, kama hushikiki, mpe kijiko cha dawa ya kikohozi kabla ya kupanda," alisema mama mkwe. "Atalala fofofo. Sisi tulifanya hivyo."

Msusi alikuwa mbishi, na alijijua. Lakini alijua pia kwamba ubishi usio na elimu ni kelele tu. Kesho yake asubuhi alikwenda kwa jirani yake, muuguzi wa kliniki ya watoto. Alimkuta anaanika nguo.

"Dada, nataka kusafiri na wanangu. Kila mtu ananitisha. Niambie la kweli."

Muuguzi alimpa kibanio cha nguo amshikie. "Kibonge ana mafua? Masikio yanamsumbua?"

"Hapana. Mzima kabisa."

"Basi anaweza kupanda ndege. Angekuwa na mafua makali au sikio linauma, ningekwambia umpeleke kwa daktari kwanza. Masikio hayapasuki. Yanaziba, hasa ndege inaposhuka, na mtoto anaumia. Dawa yake ni kumeza. Ndege ikianza kupaa, mnyonyeshe. Ikianza kushuka, mnyonyeshe tena. Bi Kwanini mpe maji anywe kidogo kidogo."

"Na ile dawa ya kikohozi?"

Muuguzi aliacha kuanika. "Hiyo usiguse. Dawa ya kumlaza mtoto inaweza kumlaza mpaka pumzi ikapungua. Nimeshawapokea watoto wa namna hiyo kliniki. Mtoto akilia ndani ya ndege, hajafa mtu."

Msusi alicheka. Muuguzi hakucheka.

"Ndege isikutie hofu sana," aliendelea. "Mimi naogopa gari. Ukitoka uwanja wa ndege utapanda gari la nani?"

"La kaka yangu. Kibonge nitampakata."

"Hapana. Gari likisimama ghafla, mtoto anakuwa mzito kuliko mikono yoyote. Anaruka kama mzigo. Hakuna mama mwenye nguvu ya kumzuia, hata angempenda vipi."

Aliingia ndani akatoka na viti viwili vya gari vya watoto wake, ambao sasa walikuwa wakubwa. "Hivi navijua tangu vipya. Havijawahi kupata ajali. Kiti kilichopata ajali usikichukue hata ukipewa bure. Kibonge anakaa siti ya nyuma, kiti chake kimetazama nyuma ya gari. Hivyo kichwa na shingo vinashikwa. Bi Kwanini anakaa hiki kikubwa, naye nyuma. Mkanda ukiweza kuubana kwa vidole ukakunjika, bado umelegea. Kaza."

"Kaka yangu atanicheka."

"Acha acheke," alisema muuguzi. "Kicheko hakivunji shingo."

Siku ya safari, fundi umeme mwenyewe alifunga viti ndani ya teksi ya kwenda uwanja wa ndege. Alivivuta, akavitikisa, akakaza tena. Kisha alimwita Msusi pembeni akamwambia, "Wasalimie nyumbani. Na usimsikilize mtu."

Uwanjani viti vilipokelewa pamoja na mizigo bila tatizo, kwa sababu Msusi alikuwa ameuliza shirika la ndege mapema. Mkononi alibaki na begi moja: nepi, nguo za kubadilisha watoto, na blauzi yake ya akiba. Mhudumu wa ndege alimwonyesha namna ya kumfunga Kibonge kwa mkanda wake mdogo. Alimwonya asizungushe mkanda wake mwenyewe kujifunga pamoja na mtoto.

Kupaa kulikwenda vizuri. Kibonge alinyonya akasinzia. Ndege ilipoanza kushuka, Msusi alichelewa kidogo kumwamsha. Kibonge akazinduka na kilio cha kumwaga machozi.

Mzee mmoja mwenye tai aligeuka. "Mama, mnyamazishe huyo mtoto. Watu kama nyinyi mngebaki nyumbani."

Zamani Msusi angeomba radhi kumi. Safari hii alimweka Kibonge kwenye titi kwanza. Kisha akamtazama mzee usoni.

"Masikio yanamuuma, baba. Na wewe ulilia hivihivi ulipokuwa kama yeye, ila hukumbuki. Nimelipa nauli kama wewe."

Mama mmoja nyuma aliguna kwa kicheko. Kibonge alimeza, akameza tena, akanyamaza. Mzee akarudi kwenye gazeti lake.

Nje ya uwanja wa ndege, kaka mkubwa alikuwa akisubiri na gari dogo. Alikuwa dereva wa lori, mtu wa sauti na kifua. Alimkumbatia dada yake, akawarusha watoto hewani, kisha akaviona viti.

"Hayo madude yaweke kwenye buti. Mtoto mpakate. Hakuna kiti kama mikono ya mama."

"Kaka, Kibonge ana kiti chake. Na Bi Kwanini ana chake."

"Nimeendesha malori kabla hujaolewa. Leo unanifundisha kuendesha?"

"Wewe kuendesha unajua. Yule atakayetokea mbele yetu ndiye simjui."

Wapagazi wawili walisimama kusikiliza. Kaka alishusha sauti. "Unaniaibisha mbele za watu. Ingia garini."

Msusi aliketi juu ya sanduku lake, akampakata Kibonge. "Nakuheshimu, kaka. Lakini gari halitatoka na wanangu hivyo. Kama una haraka, tangulia. Sisi tutatafuta usafiri mwingine."

Bi Kwanini alimkagua mjomba wake kuanzia viatu.

"Kwa nini mjomba amenuna?"

"Hajanuna," alisema Msusi. "Anafikiri."

Kaka alifikiri kweli. Mwishowe akafungua mlango wa nyuma. "Haya. Dude hili linafungwaje?"

Walisaidiana. Njiani Kibonge alianza kulia. Kaka akasema, "Mtoe umnyonyeshe. Naenda taratibu."

"Akilia tunasimama. Simfungui gari likitembea."

Kaka alipumua kwa nguvu, lakini alisimama kwenye duka la pembeni mwa barabara. Bi Kwanini alikuwa amelala. Kaka akataka kumwacha ndani na kufunga milango. Msusi akambeba usingizini. "Gari lililofungwa juani ni tanuri, kaka. Hata kwa dakika chache hatumwachi." Walinyoosha miguu, wakanywa maji, Kibonge akanyonya na kubadilishwa nepi. Kisha kila mtu akafungwa mahali pake, mikanda ikakazwa.

Hawakwenda mbali. Pikipiki ilichomoza kutoka njia ya pembeni bila kutazama. Kaka alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Matairi yalipiga kelele. Chupa ya chai iliyokuwa siti ya mbele iliruka, ikapiga kioo cha mbele, kioo kikapasuka kama utando wa buibui.

Gari lilisimama. Pikipiki ilikuwa imeshapotea. Kaka aliangalia kioo, kisha polepole akageuka nyuma. Kibonge alikuwa ndani ya kiti chake, amefumbua macho, ananyonya ngumi. Bi Kwanini alikuwa palepale.

"Mjomba, kwa nini chupa imeruka?"

"Haikuwa imefungwa," alisema kaka. Sauti yake ilikuwa ndogo. Aliendesha taratibu mpaka nyumbani kwa mama yao.

Mama alikuwa mlangoni. Alimshika Bi Kwanini mashavu, akamtazama muda mrefu. Kisha akamchukua Kibonge, akamgeuza huku na huku kwenye mwanga.

"Bibi, kwa nini unatuangalia hivyo?"

"Kwa sababu naweza," alisema bibi.

Usiku ule mama mkwe alipiga simu. "Masikio ya mtoto yakoje?"

"Yako mawili, mama," alisema Msusi. "Na hatukumpa dawa yoyote."

"Basi ukirudi utanieleza ulivyofanya. Wifi yako naye anataka kusafiri," alisema mama mkwe.

Wiki iliyofuata bibi alitakiwa kurudi kwa daktari wa macho. Wote walikwenda pamoja. Bibi aliketi nyuma, akanyoosha mikono. "Nipeni Kibonge nimpakate. Nimemsubiri tangu azaliwe."

Kabla Msusi hajafungua mdomo, kaka alizima gari na kuchomoa ufunguo.

"Mama, utampakata tukifika. Ndani ya gari anakaa kwenye kiti chake. Na wewe funga mkanda."

"Tangu lini umekuwa muuguzi?"

"Mimi ni mjomba wake," alisema kaka.

Alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akaubana mkanda wa Kibonge kwa vidole viwili. Haukukunjika. Akarudi kwenye usukani, akasubiri mpaka aliposikia mkanda wa mama yake ukilia ka! kwenye kifungo chake, ndipo akawasha gari.