Jina Lililokwanguliwa

Ilianza na harufu ya masizi mabichi. Mke wa mpiga gitaa, ambaye ndiye aliyekuwa fundi mitambo wa studio yao ya nyumbani, alifungua dirisha, akapangusa meza, akanusa hata nyaya. Wapi! Akavaa hedifoni ausikilize wimbo mpya wa mumewe, ule uliokuwa ukipigwa kila kona ya mji.

"Baba watoto," akaita kwa sauti ya chini. "Siku ile uliyorekodi mimi sipo, ulikuwa na nani?"

"Peke yangu. Kwani vipi?"

"Kuna mtu anapumua humu."

Mumewe akacheka kicheko kikavu. Wimbo ule hakuutunga yeye. Aliutoa kwenye santuri kuukuu ya mzee kipofu, mmoja wa wale wapiga bluzi, muziki wa majonzi wa Wamarekani weusi, wa mwanzo waliotelezesha kisu juu ya nyuzi mpaka gitaa likalia kama mtu. Alipoisikia mara ya kwanza alitokwa na machozi, kwa maana aligundua kwamba kila mdundo aliojivunia tangu ujana, na wa kila bendi aliyoipenda, ulianzia kwenye vidole vile. Alipokwisha kulia, akachukua wembe, akalikwangua jina la mzee kwenye karatasi ya katikati ya santuri. Kisha akaurekodi wimbo kama wake.

Mchana uleule, jua likiwaka na majirani wakianika nguo, gitaa lililotundikwa ukutani likaanza kulia lenyewe, polepole, kama kisu kinachoburutwa mfupani, na ile harufu ikazidi, na mkewe akainuka kitini macho yamegeuka meupe, akalitungua, yeye ambaye maishani mwake hakuwahi kugusa hata uzi mmoja, akaupiga wimbo wote bila kukosea, kisha akaurudia, na kuurudia, huku damu ikimchuruzika vidoleni.

Mume akamkimbilia shangazi yake, mganga aliyemlea. Shangazi akaja na ubani, akaufukiza.

"Wewe ni nani?"

"Jini wa wimbo," sauti nzito ikatoka kinywani mwa mke. "Yule mzee niliishi naye kwa heshima. Huyu kanibeba kama kuku wa wizi. Amtaje mwenye wimbo kwa jina, nimwachie mkewe."

"Mtaje, mwanangu!" shangazi alinong'ona.

"Shangazi… nimelisahau. Nililikwangua, nikajilazimisha kulisahau."

"Basi nitachukua lako," sauti ikasema.

Akavitazama vidole vya mkewe, nyama imeanza kuonekana.

"Chukua. Mwache."

Gitaa likanyamaza. Mkewe akaanguka mikononi mwake, akafumbua macho, akaanza kulia kwa maumivu kama mtu mwenye akili timamu. Harufu ilikuwa imekwisha.

"Shangazi," mpiga gitaa akasema, jasho likimtoka, "hebu niite."

Shangazi, ambaye ndiye aliyempa jina siku alipozaliwa, akafumbua kinywa. Akakifumba. Kisha akageuzia uso ukutani.