Kodi Si Kilemba

Ulimwona Mfaume siku ile alipopitishwa. Usiseme hukumwona. Ulikuwa umesimama mlangoni mwa duka, barabara ya Kilwa, na watu waliokamatwa kwa kodi walipita wamefungwa kamba moja, askari nyuma yao. Mfaume alikutazama. Wewe ukageuka ukamuuliza mwenye duka bei ya chumvi, na chumvi hukununua.

Basi kaa usikilize yaliyompata, maana hukutaka kuyaona.

Mfaume alikaa Temeke na mkewe, Mwanaheri, katika nyumba ya makuti aliyoijenga mwenyewe. Asubuhi aliwahi bandarini kubeba mizigo. Alikuwa na pumu. Siku ambazo kifua kilimbana alibaki nyumbani akisuka makuti, na Mwanaheri akakaanga mihogo akaiuza njiani.

"Leo umerudi mapema," Mwanaheri alimtania siku moja. "Meli zimekukimbia?"

"Zimeniona nilivyokonda, zikanihurumia. Wewe tu ndiye huna huruma. Lete muhogo."

Sikukuu ya Idi ilipofika, Mfaume alikwenda kulipa kodi kwa Jumbe Sadallah, mkubwa wa mtaa aliyeipokea kwa niaba ya boma la serikali. Alikwenda kama marehemu baba yake alivyokuwa akienda. Kwa watu wa pale, mtu hampi mkubwa fedha waziwazi kama anayenunua samaki. Huzifunga katika pembe ya leso. Huingia, huamkia, huiweka leso chini ya mkeka, huulizia hali za watoto, kisha huondoka. Kutaja kilichomo ni kukosa adabu. Kuomba stakabadhi ni kumwita mkubwa mwizi.

Lakini vivyo hivyo ndivyo walivyompelekea jumbe kilemba, yaani zawadi ya heshima. Leso ni ileile, mkeka ni uleule.

"Mungu akuzidishie, mwanangu," Jumbe alisema.

Mfaume alirudi kifua mbele. "Tumemaliza," alimwambia mkewe. "Mwaka huu hatudaiwi."

Miezi ikapita. Alfajiri moja askari waligonga mlango.

"Kodi."

"Nimelipa."

"Stakabadhi iko wapi?"

Hakuwa nayo. Walimchukua hata shati hajavaa, wakampeleka upande wa Kunduchi kuvunja mawe ya barabara, alipe kodi kwa jasho.

Mwanaheri alikimbilia kwa Jumbe, kanga haijakaa sawa kichwani.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba, binti yangu. Mbona unahema?"

"Mume wangu wamemchukua. Naye kodi alikuletea mwenyewe, siku ya Idi."

Jumbe alitafuna tambuu yake taratibu. "Aliniletea kilemba. Nilikipokea, nikamwombea dua. Kodi hakuleta."

"Jumbe, zile zilikuwa fedha za kodi."

"Alisema hivyo?"

Mwanaheri aliivuta kanga yake kichwani.

"Nakuuliza, binti. Alilitamka neno kodi?"

"Hakulitamka. Ni adabu."

"Basi adabu yake nimeishukuru. Mwakani mwambie alete na kodi."

Mwanaheri alirudi akilia njia nzima. Nyumba ya pili kutoka kwake alikaa Kokuberwa, mwanamke wa Bukoba. Alikuwa na nyumba yake mwenyewe, hana mume, na wanawake wa mtaa walimsema sana. Mwanaheri naye hakuwa akimwamkia. Siku ile Kokuberwa alimwita toka barazani.

"Wewe jirani usiyenijua, njoo ukae. Unalia nini?"

Mwanaheri alimweleza yote. Kokuberwa alisikiliza mpaka mwisho.

"Mie nalipa kodi ya nyumba kila mwaka. Unajua nalipaje?"

"Unalipaje?"

"Nakwenda siku karani wa boma anapokuja kukusanya hadharani. Nasema kwa sauti, hii ni kodi ya nyumba yangu. Fedha inabaki kiganjani mwangu mpaka aandike stakabadhi. Nasoma jina langu. Natazama mwaka. Natazama kiasi alichoandika. Ndipo nafungua kiganja."

"Hawakuoni huna adabu?"

"Wananiona. Lakini umewahi kuniona nimefungwa kamba?"

Mwanaheri alitaka kucheka, machozi yakamzidi. "Na kilemba je?"

"Kilemba ni hiari. Ukipenda mpe, usipopenda kaa nacho. Kodi ni jambo jingine, usivitie katika leso moja. Halafu mumeo ana pumu. Mtu mgonjwa asiyejiweza huenda boma kuomba asamehewe kodi. Hilo haliuzwi."

"Jumbe alituambia msamaha una bei yake."

"Kwake una bei, ndiyo. Nyie watu wa pwani mna soni nyingi. Soni zenu ndizo shamba lake, analilima masika na kiangazi."

Siku ileile wanawake hao wawili walipita nyumba kwa nyumba kutafuta shahidi. Kila nyumba walisikia maneno yaleyale.

"Hata sie alitufanya hivyo," alisema mzee Mwishehe. "Tukalipa mara ya pili."

"Mbona hukusema, baba?"

"Ningesema nini? Nilidhani ni mie peke yangu niliyekosea."

"Basi twende boma ukaseme."

Mzee alijitazama miguu. "Shamba ninalolima ni la nduguye Jumbe."

Zuena, mke wa fundi seremala, alisema, "Mie binti yangu anaposwa na ukoo wa Jumbe. Msinitie maneno."

Mtaa mzima uliibiwa na mtu mmoja, na mtaa mzima ukamfichia siri. Enzi ya Mdachi ilikuwa hivyo. Akaja Mwingereza, rupia ikawa shilingi, bendera ikabadilika. Mkono chini ya mkeka haukubadilika.

Boma, karani hakuwakaribisha hata kukaa. "Hakuna stakabadhi wala shahidi. Kwa hiyo kodi haijalipwa."

"Mume wangu ni mgonjwa," alisema Mwanaheri. "Nimekuja kumwombea msamaha."

"Mgonjwa aje mwenyewe, aonekane."

Mgonjwa mwenyewe alikuwa Kunduchi, anavunja mawe.

Mwanaheri aliuza minazi aliyoachiwa na mama yake. Aliyeinunua ni shemeji yake Jumbe, kwa bei aliyoitaka yeye. Kodi ikalipwa mara ya pili, na Mfaume akarudishwa. Alirudi na vumbi la mawe kifuani. Usiku alikaa kitako, hawezi kulala chali.

"Ningelisema tu, mke wangu," alikuwa akinong'ona. "Neno moja. Niliona haya."

Masika hayakumkuta. Jumbe Sadallah alikuja mazikoni, akakaa mbele, na watu wakambusu mkono. Na wewe ulikuwa kwenye foleni.

Tangu siku zile Kokuberwa alikuwa akimfundisha Mwanaheri herufi, kwa kijiti mchangani, mpaka akalijua jina lake na tarakimu zote. Karani wa boma alipokuja msimu wa kodi, Mwanaheri alikwenda. Jumbe alikuwa ameketi kando ya meza. Mwanaheri alikunja ngumi yenye fedha.

"Hii ni kodi ya nyumba," alisema, watu wote wakasikia. "Si kilemba."

"Binti yangu, siku hizi umekuwa mkali," alisema Jumbe.

"Karani, andika kwanza."

Karani alimtazama Jumbe, akawatazama watu, akaandika. Mwanaheri alisoma jina lake polepole, herufi moja moja. Akasoma mwaka. Akasoma kiasi. Kisha akafungua kiganja. Nyuma yake mzee Mwishehe alijongea mezani, ngumi imekunjwa. Zuena akafuata.

Mwaka ule hakuna aliyekamatwa katika nyumba za safu ile. Hilo ni jema, na lilikuja baada ya kaburi. Jumbe angali jumbe. Minazi ingali ya shemejiye. Na safu ya pili, nyumba tano tu kutoka hapo, watu wangali wanasukuma leso chini ya mkeka na kuondoka wakiona wamelipa.

Hao ni jirani zako. Unawajua kwa majina. Karani anakuja mwezi huu. Usimalize chai yako. Inuka sasa hivi, gonga mlango wa kwanza, uulize: mlipolipa, mlipewa nini mkononi? Wakinyamaza, washike mkono mwende nao mezani kwa karani, na wewe ndiye utangulie kusema kwa sauti: hii ni kodi.