Domo-Kiatu wa Lukuga

Pale Kalemie, mto Lukuga unapotoka Ziwa Tanganyika, Lambert alivuta wavu wake. Aliushona kwa chandarua cha mbu, kilichotoka juu ya kitanda cha watoto. Ulileta visamaki vidogo kama kucha. Mkewe Gracia aliangalia ndani ya mtumbwi.

Kando ya matete alisimama ndege mkubwa wa rangi ya majivu, mdomo mpana kama kiatu. Hakutikisika. Ghafla alijitupa majini kwa kichwa, akainuka na kambale.

"Mwizi njo huyu," alisema Lambert. "Leo nachoma matete, na kiota chake."

"Na upepo huu? Moto utafika kwa jirani yetu Mama Emilie."

"Atahama."

Alitoa petroli na kiberiti. Jirani yao Ephraïm, aliyewahi kuwatembeza watafiti wa ndege huko kwenye mabwawa ya Upemba, alisogeza mtumbwi wake mbele yao.

"Papa Lambert, angalia kwanza. Kiberiti hakiozi."

Walingoja. Jua likawa kali. Ndege alichota maji mdomoni, akayamwaga kiotani.

"Anafanya nini?" Gracia alinong'ona.

"Anamupoza mutoto," alisema Ephraïm. "Anataga mayai mawili, lakini mara nyingi mutoto mumoja tu njo anakua."

"Anamulisha kwa samaki wangu," alisema Lambert.

"Anakamata kambale na kamongo wanaopanda kuvuta hewa. Anasimama asubuhi nzima kwa mumoja."

Ephraïm alizamisha kikapu chini ya mizizi ya matete, akakiinua. Visamaki viliruka ndani.

"Hawa njo chakula chako cha kesho. Wanajificha humu. Ukichoma, wataliwa wote na samaki wakubwa. Na chandarua chako kinawabeba kabla hawajakua. Mwizi ni nani?"

"Unaniita mwizi mbele ya bibi yangu?"

"Mimi nilimwambia hayo ya chandarua nyumbani," alisema Gracia. "Alitaka kuambiwa na mwenye ndevu."

Lambert alitoa njiti moja. Upepo ulivuma kuelekea nyumba ya Mama Emilie. Kifaranga kilinyoosha shingo. Lambert aliangalia kikapu, kisha akatupa kiberiti majini.

"Hicho kilikuwa cha jikoni," alisema Gracia.

Chandarua kilifuliwa, kikarudi kitandani. Ephraïm aliwaazima wavu wa macho makubwa. Mwanzoni walipata kidogo, wakala mihogo na sombe ya majani yake. Kiangazi kilichofuata, Lambert alivuta kambale mrefu kama mkono wake, palepale ukingoni mwa matete. Watoto hawakuwa wakitetemeka tena kwa homa kila mara.

Domo-kiatu alikuwa amesimama. Lambert alipitisha mtumbwi mbali, polepole, kama mtu anayepita mbele ya jirani anayekula.