Mkanda Mfupi na Mgongo wa Mama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Maswali alifuta vumbi kwenye cherehani ya mama yake, akaitia mafuta matone matatu, kisha akaokota pini zilizoanguka sakafuni. Jina hilo alipewa na mpiga pasi aliyetumia kibanda kimoja cha kazi na mama. "Huyu ukimtajia saa," alisema, "atataka kujua na aliyeivumbua."

Lakini wiki hiyo Maswali hakuuliza kitu. Mama alikuwa na mimba ya miezi saba, na mgongo ulimuuma hata kuinuka ilikuwa shughuli.

"Ni baridi hiyo, wifi," alisema shangazi. "Unakanyaga sakafu miguu mitupu." Akamvalisha soksi nene.

"Baridi gani na jua lote hili?" mpiga pasi akadakia. "Ni kukaa! Mjamzito atembee." Mama akatembea mpaka sokoni, akarudi ameshika kiuno.

Baba yeye alilaumu godoro. Akalishusha sakafuni, na kesho yake walihitajika watu wawili kumnyanyua mama. "Taratibu jamani, mimi si gunia," mama alisema, akicheka huku ameuma meno.

Maswali alichanganyikiwa. Kila mtu mzima alikuwa na sababu yake, na kila mmoja aliitaja kana kwamba ameiona kwa macho. Naye alikuwa na sababu ya nne, ambayo hakumwambia mtu.

Wiki tatu nyuma, alipoachwa peke yake kibandani, alikaa kwenye cherehani ashone mkoba wake uliochanika, ingawa alikuwa amekatazwa. Mkanda wa ngozi unaozungusha gurudumu ukakatika. Kwa hofu, alikata ncha zilizochakaa, akatoboa tundu kwa msumari, akaziunganisha kwa waya. Cherehani ikazunguka. Ila mkanda ulikuwa umepungua vidole viwili, umekaza kama kamba ya ngoma, na pedali ikawa nzito. Mama alidhani cherehani imezeeka. Akawa anasogea ukingoni mwa stuli, anainama na kuisukuma kwa miguu yote miwili, kutwa nzima, maana sare za wanafunzi zilikuwa zikisubiriwa.

Siku kumi baadaye mgongo ukaanza. Ni mimi? Maswali alijiuliza. Au ni baridi? Au ni godoro kweli? Na kama ni mimi, mtoto aliye tumboni ameumia? 

Jumamosi alimsindikiza mama kliniki. Mkunga alimpima mama presha na mkojo, akasikiliza moyo wa mtoto. "Maumivu yanakuja na kuachia, yakikaza tumbo? Umeona damu? Una homa? Mkojo unakuunguza?"

"Hapana, vyote hapana."

"Ukiona kimojawapo, usingoje kesho, njoo hapa mbio. Haya, unafanya kazi gani?"

"Nashona. Nakaa tu."

Maswali alitazama viatu vyake. Akafumba macho. "Hakai tu," alisema. "Anasukuma. Mkanda niliukata mimi, nikaufupisha. Mtoto ameumia?" Machozi yakamtoka.

"Ala!" mama alishangaa. "Wiki tatu nasukuma lile dude kama nalima shamba, kumbe ni wewe?"

"Mtoto ni mzima," mkunga alisema, akimvuta Maswali karibu. "Moyo wake unagonga vizuri."

"Sasa mgongo ni mimi au si mimi?"

"Mgongo wa mjamzito hauumi kwa sababu moja. Tumbo likikua, uzito huvuta mbele, na mgongo unapinda kuushikilia. Misuli ya tumbo inalegea, na viungo vya nyonga navyo vinalegea ili mtoto apate njia. Hayo ni ya mimba, si yako. Lakini kuinama na kusukuma kitu kizito kutwa kunazidisha. Hapo ndipo ulipoingia wewe."

"Na godoro?"

"Lirudi kitandani! Mama alale ubavu, na mto katikati ya magoti. Akishona, akae kwenye kiti chenye egemeo, na kila baada ya nusu saa ainuke anyooshe mwili. Kutembea ni vizuri, ila kidogo kidogo."

Mchana huohuo fundi wa cherehani aliweka mkanda mpya, na pedali ikawa nyepesi. Wiki iliyofuata maumivu yalipungua, ingawa hayakuisha. Maswali bado alimtazama mama kwa wasiwasi kila aliposhika kiuno. Mama akamwita.

"Mwanangu, vitu hukatika. Hata mimi nimewahi kukata mkanda. Kilichoniumiza ni kwamba tulikuwa wanne tukitafuta sababu gizani, na wewe ulikuwa na kipande kimoja cha jibu mfukoni. Ukiharibu kitu, sema siku hiyohiyo, hata ukiwa unatetemeka. Anayetaka kukusaidia hawezi kukusaidia kwa jambo ulilomficha."