Vigingi Kumi na Saba

Mpiga picha aling'oa vigingi kumi na saba kwenye uwanja wa vita kwa sababu vilikuwa vinamharibia picha. Hilo ndilo kosa lake, na hakuna namna ya kulipamba.

Vilikuwa vigingi vya mbao, urefu wa mkono hadi kiwiko, vimepakwa rangi nyeupe. Kila kimoja kilisimama pale ilipookotwa mifupa ya askari mmoja. Mifupa yenyewe ilishazikwa pamoja karibu na lango. Ramani iliyoonyesha nani alianguka wapi ililowa ikaoza siku paa la ofisi lilipovuja. Kwa hiyo vigingi ndivyo vilikuwa vimebaki kuwa ramani, na mpiga picha alilijua hilo vizuri, maana mwanamke aliyempenda, mtembeza wageni wa pale, alilisimulia mara nne kwa siku.

Walikutana miezi minane kabla, siku ya sikukuu, watu wamejaa langoni kama siafu. Mpiga picha alikuja na maharusi waliotaka kupigwa picha juu ya mzinga wa zamani. Bibi harusi alishakaa, shela imeangukia gurudumu, ndipo sauti ikapasua umati.

"Wewe mwenye kamera! Mshushe bibi harusi!"

Akageuka. Mtembeza wageni alikuwa anapanda kilima kwa hatua ndefu, shati la kazi limepigwa pasi hadi mikunjo inakata, kitambaa chekundu shingoni, viatu vya ngozi vina vumbi.

"Dakika moja tu, dada yangu."

"Mzinga huu umeua watu. Si kochi."

"Basi nikupige picha wewe, umesimama pembeni yake."

"Thubutu uone."

Akathubutu. Jumamosi iliyofuata akarudi na picha mkononi. Mtembeza wageni aliitazama kwa muda mrefu, akasema pua yake imekuwa kubwa, akaitia mfukoni. Tangu hapo kila Jumamosi mpiga picha akawa analipa kiingilio na kufuata msafara wa wageni nyuma kabisa, akisikiliza habari ambazo angeweza kuzisema usingizini. Akawa anamwita Kamanda. Yeye akaitwa Bwana Flashi.

"Bwana Flashi, leo umekuja kuona mahandaki au kuona nini?"

"Nimekuja kuona Kamanda."

"Kamanda yuko kazini. Simama nyuma ya kamba."

Penzi likakolea, hata mama yake Kamanda akaanza kuuliza kwa simu huyo mkwe wa kamera anakuja lini mezani.

Kisha wachapaji wa kalenda wakamwomba mpiga picha picha moja ya kilima, safi, isiyo na watu wala vitu. Akapanda siku ambayo Kamanda alikuwa mapumziko. Mwanga wa jioni ulikuwa mzuri mno, nyasi zimelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa, ila vigingi vimetapakaa kila mahali kama meno. Akaving'oa. Alisema moyoni atavirudisha baada ya dakika kumi, mashimo si yanaonekana?

Mvua ikashuka bila kubisha hodi. Akakumbatia kamera akakimbia. Asubuhi alipowahi kurudi, udongo wa mfinyanzi ulikuwa umeshafunga mdomo. Hakuna shimo hata moja.

Hapo ndipo alipoongeza kosa la pili, baya kuliko la kwanza. Badala ya kusema, akavichomeka upya kwa kukisia. Na kwa kuwa jicho lake ni jicho la mpiga picha, akavipanga vikapendeza, nafasi sawa, mistari miwili iliyonyooka.

Kamanda alifika na wageni wa kwanza, akanyamaza katikati ya sentensi. Aliwakabidhi wageni kwa mwenzake, akamfuata mpiga picha penye ukuta wa mawe unaozunguka kilima.

"Nani kakwambia watu wanakufa kwa mstari?"

"Mpenzi, nisikilize..."

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Mvua ilinyesha..."

"Mvua haing'oi vigingi. Ungeniambia jana ningelia, halafu ningekusaidia. Lakini wewe umenitengenezea uongo niwasomee watu." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha. "Toka. Na kiingilio usilipe tena."

Meneja wa uwanja alimwandikia Kamanda barua ya onyo, kwa kuwa eneo lile lilikuwa chini ya ulinzi wake na mhusika ni mtu wake. Mpiga picha alipiga simu mchana kutwa. Mwishowe ikapokelewa na mdogo wake Kamanda.

"Shemeji, dada amesema niseme hayupo."

"Yuko hapo?"

"Yupo. Amesema pia niseme wewe ni mjinga."

"Mwambie amesema kweli."

Minong'ono ikapita. "Amesema anajua."

Akabaki amekaa kwenye studio yake, katikati ya miavuli ya taa na kiti cha picha za pasipoti. Akafungua kompyuta ili amtazame tu, maana kumsikia kumeshindikana. Jumamosi thelathini na zaidi. Kamanda anacheka, Kamanda ananyoosha kidole, Kamanda anafuta jasho kwa kitambaa chekundu. Kwenye picha ya ishirini hivi akaacha kumtazama usoni. Akatazama miguuni. Kigingi. Nyuma ya bega, vigingi viwili. Alimpiga kutoka kila upande wa kilima, na kila picha ilikuwa na ukuta wa mawe, au mzinga, au vyote viwili.

Alichapa picha mia mbili na kumi, akaenda nazo kwa meneja, akasema yote bila kuulizwa. Meneja akazipekua. "Hizi zote ni za mtu mmoja."

"Ndiyo, mzee."

"Muite aje."

Kamanda akaja amekunja mikono. Alipofika picha ya hamsini, mikono ikakunjuka.

"Ulinipiga hata siku nilipokuwa na mafua?"

"Hasa siku hiyo."

"Bwana Flashi, wewe ni mgonjwa," akasema, lakini akavuta kiti.

Kazi ilikuwa hivi. Mpiga picha alisimama alipokuwa amesimama siku picha ilipopigwa, akisogea mpaka gurudumu la mzinga likutane na jiwe lilelile la ukuta kama kwenye picha. Kamanda akavuta kamba kutoka hapo kuelekea kilipoonekana kigingi. Wakarudia kwa picha ya upande mwingine. Kamba mbili zilipokutana, ndipo mahali penyewe.

"Kushoto kidogo. Rudi nyuma. Basi, hapo hapo, mpenzi."

"Mpenzi yuko likizo. Sema Kamanda."

"Kamanda, inua kamba."

Siku ya tatu Kamanda alicheka kwa bahati mbaya, akajifanya anakohoa. Siku ya sita akamletea chai kwenye chupa, kikombe kimoja, wakapokezana. Siku ya tisa walikuwa wamepiga magoti kwenye matope, mpiga picha ameshika kigingi cha kumi na sita naye Kamanda anagonga nyundo.

"Asante," mpiga picha akasema.

"Ya nini? Mimi ndiye ninayepaswa. Hakuna mtu aliyewahi kunitazama hivyo, hata mimi mwenyewe kwenye kioo." Akagonga tena. "Sasa sema, unanioa, au unaendelea kunipiga picha tu?"

"Nakuoa hata leo."

"Leo nina matope. Siku nyingine ukiharibu kitu, uje kwangu kabla mvua haijakauka. Sikia?"

"Nimesikia, Kamanda."

Kigingi cha kumi na saba hawakukiweza. Walipekua picha zote mia mbili na kumi. Kila alipopiga upande kilipokuwa, Kamanda alikuwa amesimama mbele ya kigingi hicho.

Walioana, na mpiga picha hushukuru kila siku. Lakini ukimuuliza kosa lile liligharimu nini, atakuhesabia bila kupunguza: siku tisa za kazi. Harusi mbili alizowaachia wenzake. Picha ya kalenda, aliyoikataza isichapwe. Barua moja ya onyo kwenye faili la mke wake, ambayo haitatolewa. Na askari mmoja, aliyeanguka mahali fulani kwenye kilima kile, ambaye hakuna tena anayejua ni wapi.