Nyundo na Dirisha la Bafu

Ndugu zangu, sogeeni niwasimulie nyumba moja iliyoliwa na shuku. Sisemi ulevi, sisemi uvivu. Shuku tu, na ilitosha.

Asubuhi za nyumba hiyo zilikuwa tamu. Nyundo, mwanamke wa kwanza kufoka mistari ya rapu jukwaani katika mji ule, alizunguka sebuleni na taulo kichwani akitunga kwa mdomo. Mdogo wake alikaa kwenye kochi akichambua mboga, masikio wazi. Nyundo hakuandika kamwe, alisema kalamu inamchelewesha. Alichotunga kilihifadhiwa kichwani mwa mdogo wake, naye alimrudishia mstari kwa mstari mpaka ukakaa. Hata jukwaani mdogo mtu alisimama nyuma, akidaka kila neno la mwisho ili dada avute pumzi. Kwa namna hiyo waliwanyamazisha wanaume waliokuwa wakiwazomea, "Nendeni mkapike!"

Siku moja redio ikapiga wimbo mpya wa binti mmoja chipukizi. Nyundo akaganda mlangoni.

"Mlisema nafasi yangu jikoni, haya, nimelileta jiko jukwaani!"

Mstari wake! Aliutunga juzijuzi tu, na aliyeupokea ni mdogo wake peke yake.

Kikulacho ki nguoni mwako, akajisemea. Tangu hapo kila jambo likawa na walakini. Mdogo akipokea simu nje, mbona hapokei ndani? Akitabasamu, anamcheka nani? Akichelewa sokoni, alipitia wapi? Nyundo akawa mtu wa kunyata ndani ya nyumba yake mwenyewe, na jioni moja akatega sikio mlangoni, akamsikia mdogo wake akinong'ona. Msichana wa watu alikuwa akirudia mistari isimpotee. Lakini nani angemweleza mwenye shuku akaelewa?

"Unamsomea nani mistari yangu?"

"Najisomea mwenyewe, dada. Si ndiyo kazi uliyonipa?"

"Usinifanye mtoto! Ule wa redioni ulifikaje huko?"

"Sijui. Haki ya Mungu, dada, sijui."

"Basi nenda ukajulie kwa shangazi. Hapa kwangu sifugi nyoka."

Mdogo mtu akafungasha nguo zake, akaondoka.

Haukupita muda, mji ukamwandalia Nyundo onyesho la heshima, la kwanza kufanyiwa mwanamke. Wasichana walijaa mbele kabisa. "Maneno si yangu mwenyewe? Nitayasahauje?" alijitapa. Mdundo ukaanza. Akafika mwisho wa mstari, akavuta pumzi, akangoja neno lidakwe nyuma yake. Kimya. Akajikaza, akaanza ubeti mpya, ukamponyoka wote kama maji kwenye chekecheo. Mdundo uliendelea kugonga bila mtu. Kisha sauti ya kiume ikatoka gizani: "Mama, nenda kapike!" Ukumbi ukaangua kicheko. Wale wasichana wa mbele wakainamisha vichwa, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Kesho yake alimpelekea jirani, fundi cherehani, gauni lililochanika. Akamkuta anashona huku akiimba mstari wa Nyundo ambao haujafika redio yoyote.

"Huo umeutoa wapi?"

"Si kwako? Dirisha la bafu lako si hilo hapo? Ukioga unafoka, mtaa mzima tunafaidi! Hata yule binti chipukizi alipokuja kupimwa nguo alinikuta naimba ule wa jiko, akaupenda, nikamfundisha. Kwani ilikuwa siri?"

Nyundo aliacha gauni pale pale, akaenda mbio kwa shangazi. Mdogo wake akafungua mlango.

"Nisamehe, mdogo wangu. Nilikuonea. Twende nyumbani."

Mdogo alimwambia awashe simu anase sauti, kisha akaanza kusema mistari, ubeti baada ya ubeti, hata ile ya zamani ambayo Nyundo mwenyewe alishaisahau. Nyundo alilia kimya kimya mpaka ukaisha wa mwisho.

"Hiyo ndiyo mali yako yote, sikubakiza kitu," mdogo akasema. "Ila mimi sirudi, dada."

Akafunga mlango taratibu.

Funzo

Ndugu zangu, shuku haiulizi, inahukumu. Nyundo alishinda mji mzima, akashindwa kumwamini aliyemshikia pumzi. Mistari aliipata yote, lakini hadi leo akifoka huwa ananyamaza kidogo mwisho wa kila mstari, na hakuna anayedaka. Kabla hujamfungia ndugu yako mlango, kwanza katazame dirisha lako.