Moja Juu ya Mia Tano

Jumanne, tarehe 12 Agosti 2003, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ng'ombe wawili wa maziwa wa Mzee Githongo walikutwa wamekufa kando ya hori la maji huko Noonkopir. Povu lilikuwa limekauka midomoni. Kufikia saa mbili majirani walikuwa wamejaa langoni, na Githongo, ambaye hasira zake hazijui kunong'ona, alikuwa ameshamtaja mwenye kosa.

"Ni huyu Mulei," alisema mbele ya wote. "Nilipatia pampu mtu wa darasa la nne. Hesabu hajui, sasa ameniulia ng'ombe."

Mulei ndiye aliyewapulizia ng'ombe dawa ya kupe jioni iliyotangulia. Alipelekwa kituo cha polisi akiwa bado amevaa gambuti zake, na mtaa mzima ukamtazama.

Sajenti Zipporah wa upelelezi alifika kutoka Kajiado saa nne. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, mwenye tabia moja iliyowachosha wakubwa wake: hakuamini hesabu yoyote ambayo hajaifanya mwenyewe.

Daktari wa mifugo alikuwa ameshamaliza kazi yake. "Ni dawa ya kupe," alimwambia. "Lakini imejaa tumboni. Hawa wameinywa. Haikupitia ngozini."

"Na wale ng'ombe watatu wa banda la pili?"

"Walipulizwa kwa pampu hiyo hiyo, wako wazima. Wao wana hori lao."

Zipporah aliliandika hilo na kulipigia mstari. Kisha akamwita karani wa shamba, Mugo, mtu mwenye diploma ya kilimo ambayo hakumruhusu yeyote kuisahau. Mugo alimfungulia daftari la dawa. Kila wiki kulikuwa na tarehe na vijiti viwili vya penseli, basi. Lakini chini ya vijiti vya Jumatatu palikuwa na maandishi ya kalamu ya wino:

0.2% = 0.2 = 1/5. Pampu lita 20 × 1/5 = dawa lita 4.

"Chupa inasema dawa iwe sufuri nukta mbili asilimia," Mugo alieleza. "Yeye ameweka moja juu ya tano. Mtu hajasoma, utamfanyia nini?"

"Wewe ulikuwa wapi akichanganya?"

"Hapo kwa mlango ya stoo. Saa kumi na moja jioni."

"Ulimwona akimwaga lita nne?"

"Na macho yangu, madam."

"Na hukumzuia?"

"Hiyo ni kazi mzee alimpatia yeye. Mimi ni wa vitabu tu."

Zipporah aliyaandika maneno hayo na kumwomba aweke sahihi. Mugo aliiweka kwa madoido, kama mtu anayetia sahihi cheti.

Kwenye stoo kulikuwa na chupa moja ya dawa, tupu. Kando yake palikuwa na sindano kubwa ya mililita ishirini, isiyo na ncha. Daftari la stoo lilisema chupa hiyo, ya lita moja, ilipokewa Jumamosi, na kwamba ya zamani ilikuwa imekwisha. Funguo za stoo zilikuwa mbili: wa Mulei na wa Mugo.

Majirani, hata hivyo, walikuwa na mshukiwa wao. Wiki iliyopita jirani Parmuat alikuwa amegombana na Githongo kwa sababu ya ua uliozibia ng'ombe wake njia ya maji, na kila mtu alimsikia akisema mzee atajuta. Zipporah alimkuta zizini kwake.

"Supa, mzee," alimsalimu kwa Kimaasai.

"Ipa."

"Ulisema Githongo atajuta."

"Nilisema yeye. Ng'ombe imenikosea nini?" Parmuat alionekana kuumia kweli. "Mimi niue ng'ombe ya mtu? Hata yake siwezi. Nilikuwa soko ya Kiserian tangu Jumapili, nimerudi leo saa tatu. Uliza."

Aliuliza. Ilikuwa kweli.

Saa nane mchana aliketi mbele ya Mulei kituoni.

"Unachanganya dawa namna gani?"

"Sindano mbili kwa pampu moja, afande. Naweka vijiti viwili kwa kitabu."

"Nani alikufundisha?"

"Nilifanya kazi ya dipu, ya kuogesha ng'ombe, miaka kumi na moja. Dawa moja, maji ifike mia tano. Pampu ni lita ishirini, hiyo ni mililita elfu ishirini. Gawa na mia tano, unapata arobaini. Sindano mbili." Aliinua uso. "Hizo alama zingine kwa kitabu mimi siandikangi. Na Jumapili mzee alikuwa amesema nitasimamia mifugo yote, hata karani awe chini yangu. Sasa watoto wangu wataambiwa baba yao aliua ng'ombe sababu ya ujinga. Afadhali wangesema niliiba."

Zipporah alifanya hesabu hiyo mwenyewe, mara mbili. Halafu akafungua mlango wa seli.

Saa kumi walikuwa langoni kwa Githongo, na majirani hawakukosa.

"Asilimia ni kwa kila mia," Zipporah alianza. "Sufuri nukta mbili juu ya mia ni mbili juu ya elfu, yaani moja juu ya mia tano. Kwa desimali ni sufuri nukta sufuri sufuri mbili. Mulei anatumia hiyo hiyo kila wiki. Aliyeandika moja juu ya tano aliitupa alama ya asilimia makusudi, akidhani hilo ndilo kosa la mtu wa darasa la nne."

"Aliandika yeye," Mugo alisema.

"Na ulimwona akimwaga lita nne. Umetia sahihi. Shamba hili lilikuwa na dawa lita ngapi jana?"

Mugo aligeuka kuitazama stoo.

"Moja," Zipporah alijibu. "Aliyewahi kuchanganya dawa hapa angejua lita nne hazikuwepo. Mulei alitumia mililita arobaini. Mia tisa na sitini zilizobaki ulizimimina horini."

Mugo alimtazama Githongo. "Mzee, mimi niko na diploma. Ulitaka niripoti kwa mtu hajui hata kuandika asilimia?"

Polisi walipomwondoa, Githongo alivua kofia na kumwambia Mulei kwa sauti ndogo arudi kazini, usimamizi ni wake.

"Mzee, asubuhi haukuongea pole pole," Mulei alisema.

Githongo aligeuka kwa majirani na kupaza sauti: "Nilisema Mulei hajui hesabu. Anajua. Mimi ndio sikujua, na nilimwaibisha bure."

Mulei alisimama wima kabisa, kifua mbele, akasubiri mpaka wa nyuma nao wakasikia. Kisha akanyoosha mkono kuomba ndoo, kwa sababu lile hori lilihitaji kuoshwa kabla ya giza.